Talaka Niliyoitoa kwa Sababu ya Jasho

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyomwandikia Mwanahawa talaka. Sababu ilikuwa jasho. Usicheke.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba imejaa kila mnada. Mimi nilikuwa napeleka nyanya Mikumi kwa baiskeli kutoka kijijini kwetu Ulaya, si ile ya Wazungu, nimevaa jinzi ya kubana na chupi ya nailoni, najiona kijana wa mjini. Jua kali, tandiko gumu, jasho linatiririka kutwa nzima. Mapajani kukaanza kuwasha, kisha kukachubuka na kunuka. Nikaona haya. Nikamwendea jirani yetu mfugaji, nikamwomba dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikamdanganya kuwa mbuzi wangu ana kupe. Nilijipaka mwenyewe. Ee Mola! Ngozi ilibabuka, nikawa natembea miguu upande kama bata.

Mke wangu nilimkimbia, nikalala mkekani. Siku hizo kila mtu aliogopa ukimwi, ule ugonjwa wa barabarani. Mwanahawa akaniuliza kwa upole, "Baba, kama umeugua huko Mikumi niambie, twende wote hospitali."

Badala ya kumshukuru, nikafoka. Nikamwambia ananiita malaya. Nikachukua karatasi nikaandika. Mjinga mimi!

Mjomba aliposikia alinikokota hadi zahanati. Daktari alitazama kidogo tu. "Fangasi," akasema. "Jasho na nguo za kubana." Njiani mjomba hakunihurumia: "Mficha uchi hazai. Mapaja uliyomfunulia daktari usiyemjua, umemficha mkeo!"

Nilipona, lakini kidonda cha ile dawa kilichukua miezi. Nilipofika kwao Masanze kumrudisha, eda ilikuwa imekwisha na mtu ameshamposa. Baba yake aliitikia shikamoo yangu, basi. Mwanahawa ndiye aliyeuliza nilikuwa naumwa nini hasa. Nikamwambia.

"Jasho?" akasema. "Jasho ningekufulia."

Akaingia ndani. Mpaka leo neno hilo linanichoma kuliko ile dawa.

Sasa mwanangu, nimeona unavyokaa kitini kwa ubavu, ndiyo maana nimejivua nguo mbele yako. Oga kwa sabuni, ujikaushe vizuri mapajani kabla ya kuvaa. Vaa pamba isiyobana, ubadilishe kila ikilowa jasho, uianike juani. Taulo lako usichangie na mtu. Kukiwasha nenda zahanati, na dawa uliyopewa uimalize hata kama muwasho umekwisha. Usijipake ya ng'ombe, wala usinunue tyubu ya dawa kwa kusikia maneno ya sokoni. Na leo hii, kabla hujalala, mwambie mkeo.

Mungu akupe afya ya mwili, na akuondolee haya iliyonila mimi. Akubakishie mkeo mpaka mzeeke wote wawili.