Somo la Mama Mdogo Kabla ya Eda

Mama mdogo alikuwa akiuza vitenge sokoni Ujiji. Wageni wanaokuja kuona sokwe walimpita kwa sababu hawakuelewana naye, ndiyo maana akaniomba nimfundishe Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani Rusimbi bila kazi, nikiwaza mpaka namna ya kuitikia salamu. Jioni nilishuka kwake Kasingirima.

Tulipofika kwenye "have" na "has", nilimweleza kuwa jambo limetokea huko nyuma, lakini bado linatugusa sasa. Siku lilipotokea haitajwi.

Alicheka. "Yaani kama wewe. Umesoma, kazi hujapata, mke hujaoa. Hiyo nimeielewa."

Wiki hiyo boti ya mizigo aliyopanda mumewe akirudi kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ilizama. Walionusurika waliletwa Bangwe. Baba mdogo hakuwamo, wala mwili wake haukuonekana. Wavuvi walitafuta, mwishowe wakaacha. Shehe alisema ushahidi wa walionusurika unatosha, khitma ikasomwa, lakini mama mdogo akakataa kukaa eda. Asubuhi alipanga vitenge vyake mezani kama kawaida, na watu wakaanza kumsema.

Jioni akataka tuendelee. Nilimwambia atunge sentensi. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa kubwa: "My husband has gone to Kalemie."

Sentensi haikuwa na kosa. Mtu ameondoka, hajarudi. Nikiikata, nitamweleza nini? Nikiipa vema, nitakuwa nimemwahidi nini? Niliikodolea macho mpaka chai ikapoa.

"Nimekosea?"

"Hapana, mama."

"Basi weka vema."

Nikaweka.

Nje nilimkuta kaka mkubwa wa baba mdogo akinisubiri.

"Wewe anakusikiliza," alisema. "Mwambie aingie ndani, akae eda. Tutamalizaje msiba wa mtu ambaye mkewe yuko sokoni?"

Nilirudi ndani nikasimama karibu na mlango. Kila neno nililolichagua lilikuwa na ubaya wake.

"Amekutuma," mama mdogo alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe unaonaje? Usinizungushe."

"Naona hatarudi, mama."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Kwa kawaida hata bei ya nyanya naiuliza baada ya kuirudia moyoni. Yeye hakulia. Aliinuka, akafunga dirisha la barabarani, akakaa kitandani akinipa mgongo. Niliondoka bila kuaga.

Kesho yake wanawake walimwogesha, wakamvika nguo za eda. Vitenge vilifungwa na kuwekwa juu ya kabati. Mimi ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia. Nilimkuta kwenye mkeka, amepungua kana kwamba ameugua muda mrefu. Alinisogezea nafasi nikae.

Nilisema leo tupumzike, au kama anataka, tuanze somo jipya, jepesi kidogo.

"Hilo hilo la jana, la 'has'," alisema. "Sijalielewa."