Tovuti ya Ilyasi na Ng'ombe Asiyetoa Maziwa

"Kaka Ilyasi, hivi nani atakuja kusoma habari za gemu ambayo hajawahi kuicheza?"

Sumaiya alikuwa darasa la tano alipouliza hivyo, kidevu kimelala juu ya kaunta ya kioo, macho yameganda kwenye kompyuta iliyosimama nyuma ya kava za simu. Alikuwa ametumwa chaja. Chaja alikwisha kupewa, lakini hakuondoka, maana mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Aliyasoma maandishi yote ya kwenye kompyuta kwa sauti, kama anasoma ubaoni, ndipo swali likamtoka.

Ilyasi akaigeuzia kompyuta upande wake.

"Mpelekee mama chaja yake," akasema. "Simu itamzimikia."

Mtoto akaenda, swali likabaki.

Ilyasi alizaliwa Mbinga mjini, ndani ya biashara. Babu yake alipanda kutoka Kilwa na marobota ya khanga, akakutana na baridi ya milima ya Umatengo, akaongeza na mablanketi. Baba yake, Mzee Abdulmajid, aliyarithi mablanketi, na simu zilipoingia akaongeza chaja, kava na spika. Kila kitu mle dukani kilikuwa cha mzee, hata kigoda alichokalia Ilyasi. Kimoja tu kilikuwa cha Ilyasi mwenyewe, nacho hakikushikika kwa mkono: tovuti iitwayo Gemu Kwetu.

Aliianzisha na rafiki yake Tobias, fundi wa kompyuta, kijana wa Kimatengo anayeimba besi kwaya ya parokia. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa gemu tangu shule. Wakagawana kazi: Tobias ajenge tovuti na kuitunza, Ilyasi aandike. Acheze gemu za kwenye simu, kisha awaeleze watu zikoje, nzuri au mbaya, ili wapenzi wa gemu wapate mahali pa kukutana.

Nzuri au mbaya. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Kwa sababu katika duka la Mzee Abdulmajid kulikuwa na sheria moja iliyozipita zote: bidhaa ya mtu haisemwi vibaya. Mteja akikuuliza kuhusu duka la jirani, unamjibu, "Nao wana vitu vizuri, ila karibu na kwetu." Ukimsema mwenzako leo, kesho atakusema wewe, na mji wenyewe huu mdogo. "Chema chajiuza," mzee alipenda kusema, "na kibaya ukikitangaza, wewe ndiye unayekitembeza."

Sheria ile ilikuwa imemwingia Ilyasi mpaka kwenye vidole. Kila alipokaa kuandika, vidole vilisifia. Kuhusu gemu ya magari aliandika: "Gemu hii ni nzuri sana. Magari yake yanakwenda. Karibuni." Kuhusu gemu ya mpira: "Gemu nzuri, wachezaji wote wana viatu." Kuhusu gemu ya pikipiki, iliyokuwa ikijizima kila anapokaribia kushinda, aliandika kwamba inafundisha uvumilivu.

Tobias akaisoma hiyo ya pikipiki, akavua miwani.

"Ilyasi, gemu hii juzi ulishinda nayo siku nzima unaitukana. Nilikuwepo."

"Nilikuwa naitukana nyumbani. Hapa ni mbele za watu."

"Watu gani?" Tobias akageuza kompyuta. Upande wake aliweza kuona nani ameingia kwenye tovuti na kwa simu ipi. "Tazama. Mgeni huyu, na huyu, na huyu wa asubuhi, na wa mchana. Wote ni wewe. Unaingia kuangalia kama kuna wageni."

Ilyasi akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Tobias alikuwa na jambo lingine. Vijana fulani wa Songea walikuwa wakitengeneza tovuti ya habari za mpira, wanamtaka. Jioni zake angewapa wao.

"Sikukimbii, ndugu yangu. Lakini siwezi kumwagilia jiwe. Tungoje mpaka watu wamalize kuanika kahawa. Kama hakuna msomaji, tuifunge kwa heshima."

Tuifunge. Usiku ule Ilyasi alikula ugali bila kujua mboga ilikuwa nini.

Wiki zile zilikuwa za kuchuma. Ndipo akaja dukani Vitalia, mama wa makamo kutoka Mbuji, mwenye kahawa yake mteremkoni na simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nibandikie kioo. Lakini pole pole, usiniulie ng'ombe."

"Ng'ombe yupi, mama?"

"Yumo humo ndani."

Kumbe Vitalia alikuwa na gemu ya kilimo. Binti yake alimwekea ili asisinzie anapongoja zamu kwenye mashine ya kumenya kahawa. Na alikuwa na malalamiko! Ilyasi alibandua kioo cha zamani, akafuta, akabandika kipya, na malalamiko yakawa bado yanakuja. Kwa mara ya kwanza tangu aanzishe tovuti, Ilyasi alimsikia mtu akiisema gemu kama inavyosemwa mvua iliyochelewa.

"Mama, haya maneno ungenitumia kwa sauti, nikayaandika kwenye tovuti yetu?"

"Niyaseme hivihivi?"

"Hivihivi."

"Nitayasema. Tena nitaongeza."

Na kweli aliongeza. Ujumbe ulifika kesho yake, mashine ya kahawa ikinguruma nyuma ya sauti yake:

"Mimi ni Vitalia wa Mbuji. Gemu hii ya kulima imenichosha. Kwanza, mlima mzima unalimwa kwa trekta, kutoka juu mpaka chini moja kwa moja, mvua inanyesha, na udongo hauondoki. Udongo gani huo? Nyasi wanafyeka, wanatupa. Sisi nyasi tunazilaza, tunazifukia, tunachimba mashimo yetu ya ngoro, maji yakija yanakaa humo yametulia kama mgeni aliyepewa kigoda. Pili, ng'ombe. Nimemnunua tangu tunaanza kuchuma, hajatoa hata kikombe cha maziwa. Ananitazama tu. Ng'ombe wa watu hawa hawana shukrani. Anayetaka kulia, aicheze."

Ilyasi alisikiliza, akasikiliza tena. Akaandika neno kwa neno. Kisha kidole kikagoma. Kuna watu mahali fulani waliitengeneza gemu hii, inawalisha na kuwasomeshea watoto. Yeye ni nani aitembeze aibu yao? Akamtazama baba yake, aliyekuwa mlangoni akimsifia mteja blanketi la duka la jirani. Akafumba macho, akabonyeza.

Jioni ile hakuja mtu. Kesho yake akaja mmoja, na safari hii hakuwa Ilyasi.

Alikuwa Erasmo, dereva wa lori la kubeba makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Madereva wale hukaa foleni wakingoja kupakia, na kwenye foleni mtu hucheza chochote kilichomo kwenye simu. Erasmo aliandika chini ya maneno ya Vitalia:

"Mama, pole. Ng'ombe wako ana njaa. Hapo kona ya chini kuna picha ya ndoo. Bonyeza, atakula. Wa kwangu wanatoa maziwa mpaka nakosa pa kuyaweka. Na habari ya ngoro, kama unataka ngoro zima simu uende shambani."

Tobias alipoisoma akaja mbio dukani.

"Futa, Ilyasi! Mama wa watu amekosea. Hajamlisha ng'ombe muda wote huo! Tutaonekana hatujui tunachoandika."

Ilyasi alikuwa ameshika kitambaa, anafuta kioo cha kaunta ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi.

"Amekosea kwa jina lake na kwa kijiji chake," akasema taratibu. "Na jibu liko hapo chini yake. Nikifuta la mama nitafuta na la dereva. Tutabaki na nini? Wachezaji wote wana viatu?"

"Lakini si kweli kwamba ng'ombe…"

"Tobias. Jana aliingia nani kwenye tovuti?"

Tobias akatoa simu, akaangalia. Akaangalia tena. Akakaa.

Maana Vitalia alikuwa amekwisha kujibu: "Erasmo, ndoo nimeiona. Nilidhani ya kuogea. Ng'ombe amekula, tumepatana. Lakini la trekta siliachi. Wewe uliyezoea barabara, habari za udongo umezijulia wapi?" Dereva mwingine akamtetea Erasmo. Mtu wa Mbuji akaandika kwamba sasa anaelewa kwa nini mke wake siku hizi anamlalamikia ng'ombe wa simu zaidi kuliko anavyomlalamikia yeye. Akaulizwa wewe ni mume wa nani, akapotea.

Kwenye mashine ya kumenya kahawa ikawa mmoja mwenye bando anasoma kwa sauti, na waliokaa juu ya magunia wanasikiliza. Wengi wao simu zao zilikuwa za tochi, hazijui gemu ni mnyama gani. Lakini walijua udongo, walijua ng'ombe, na walijua utamu wa kumwona mtu akibishiwa. Wakagawanyika: hawa wa Vitalia, hawa wa dereva. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Habari ikafika hata mlangoni kwa Mzee Abdulmajid. Akamwita mwanawe.

"Nasikia umeisema vibaya mali ya mtu."

"Si mimi, baba. Ni mteja."

Mzee akafikiri, mkono kwenye ndevu. Mteja. Hapo sheria yake ilikuwa haijawahi kufika. Mteja akilalamika, humfungii mlango, unamsikiliza mpaka mwisho.

"Mteja ana haki yake," akasema hatimaye. Akageuka kuondoka, akarudi. "Na ng'ombe je? Ametoa?"

"Ametoa, baba."

"Alhamdulillahi."

Baada ya hapo ujumbe ulikuja wenyewe. Hildegardi, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, huko Mbamba Bay, alituma wa kwake kuhusu gemu ya uvuvi: "Mwezi umejaa kama sinia, na mtu anavua usipa kwa taa, anajaza mtumbwi! Huku kwetu ziwani mbalamwezi ikiwaka namna hiyo tunakwenda kulala, maana samaki hawaifuati taa. Halafu samaki anatoka majini amekwisha kukauka. Mimi kwenye kichanja nageuza siku nzima, wao wanabonyeza mara moja. Nimeipenda, naicheza kila siku, lakini ni waongo." Wavuvi wakaanza naye ugomvi usiokwisha mpaka leo, wengine wakisema akiipenda asiiseme, na yeye akiwauliza kama wake zao hawajawasema.

Si kila kitu kilipata wasomaji. Kijana mmoja wa mbali alituma uchambuzi mrefu, una nyota, una vichwa vya habari, kila sehemu ya gemu imepewa alama zake kama karatasi ya mtihani. Tobias aliupenda sana. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakuna aliyefika mwisho. Na gemu mbili tatu zilipita bila hata mtu mmoja kukohoa. Ilyasi hakujali. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake anaandika upya ile ya pikipiki: "Nilisema gemu hii inafundisha uvumilivu. Kilichonifundisha ni kuitupa simu juu ya kitanda." Safari hii alibonyeza bila kufumba macho.

Kahawa ikamalizika kuanikwa. Siku ile Tobias aliingia dukani, na Ilyasi akaacha kumhudumia mteja wa spika.

"Sema tu," akamwambia. "Songea wanakutaka lini?"

"Nimewaambia wasinisubiri."

"Kwa nini?"

Tobias akajikuna shingo, mwimba besi mzima akiona haya kama mtoto wa komunyo ya kwanza. "Nimeandika uchambuzi wa kwangu. Kuna gemu moja ya muziki wa kwaya. Sauti ya nne, besi yenyewe, wameiua kabisa. Nimewaeleza ukweli wao. Na mwenyekiti wa kwaya amekwisha kunijibu kwamba sijui ninachosema, kwa hiyo siwezi kuondoka kabla sijamjibu."

Ilyasi akapiga kofi juu ya kaunta kwa furaha, Mzee Abdulmajid akauliza kimevunjika nini.

Gemu Kwetu haikuwa tovuti ya dunia. Mpaka leo ni ya Mbinga, ya Ngaka, ya ziwani, na ya wenyeji wa huku waliohamia mbali wanaokuja kusikia jinsi kwao wanavyobishana. Ilyasi amepata kaunta yake mwenyewe upande wa pili wa duka, na mwili umeanza kumjaa.

Likizo iliyopita Sumaiya aliingia pale, sasa yuko kidato cha tatu, mrefu, kidevu kimeipita kaunta kwa mbali. Ugonjwa wake haujapona.

"Shikamoo kaka Ilyasi. Kuna swali langu hukunijibu."

"Marahaba. Ulikuwa mtoto wewe, bado unalo?" Ilyasi akacheka. "Kwanza nikuulize mimi. Ugomvi wa Hildegardi na wavuvi uliusoma?"

"Wote. Mpaka ule wa jana."

"Na gemu yenyewe ya uvuvi umewahi kuicheza?"

"Kwa simu gani, kaka? Ya mama haiwezi hata kuifungua."

Ilyasi akamsogezea kigoda.

"Siku ile ningekujibu ningekudanganya," akasema. "Nilidhani namwandikia mtu anayetafuta gemu ya kucheza, na mtu huyo alikuwa mimi peke yangu. Sasa ndiyo nimeona. Aliyekwisha kuicheza anakuja kubisha. Ambaye hajaicheza, kama wewe, anakuja kuwasikiliza wanaobishana, na nyie ndio wengi."