Uzito wa Mama Kwenye Kiti cha Nyuma

"Taa ni mpya! Nimezinunua mwenyewe, nimezifunga mwenyewe, nyeupe pe pe pe. Dada, sasa unataka nini tena?"

"Nataka kuona mbele, mdogo wangu. Hizo zako ni za kuonekana, si za kuonea."

Ni saa kumi alasiri, na ndugu wawili wanagombana juu ya gari lililofunguliwa boneti. Mmoja ana bisibisi mkononi, mwingine ana ufunguo. Mwenye bisibisi ni fundi umeme wa magari, mama wa miaka hamsini na mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mama Taa. Mwenye ufunguo ni mdogo wake wa kiume, muuza magodoro, ambaye leo kafunga duka mapema na anataka jambo liishe.

Jambo lenyewe ni hili: kuna mtu anakuja kesho saa nne asubuhi kulinunua gari.

"Sijakataa kuuza," anasema Mama Taa bila kuinua kichwa. "Nimesema lisiuzwe kabla halijamleta mama."

"Mwaka mzima na ushee unasema hivyo hivyo."

"Na nusu mwaka sasa umelificha chini ya turubai kama gari la wizi."

Mdogo mtu anacheka kidogo, kwa kujizuia. Kisha anakumbuka kwamba amekasirika.

Gari ni la baba yao. Ni refu, la viti saba, na mzee alilinunua likiwa limeshatumika alipostaafu kazi ya posta, ili wajukuu wote waenee. Injini yake haina neno. Viti havijachanika. Ugonjwa wake ni mmoja, na limetoka nao kiwandani: taa za mbele hafifu, za rangi ya chai ya maziwa, zinazomulika hatua chache na kuishia hapo.

"Baba jioni alikuwa anaendesha ameinamia usukani kama mtu anayetafuta sindano," anasema Mama Taa. "Tukadhani ni macho. Tukampeleka kupimwa miwani. Mara mbili! Na mimi mwanawe ni fundi taa. Kila siku kulikuwa na gari la mteja mbele yangu, la kwetu nikasema litasubiri. Likasubiri mpaka mwenyewe akafa."

Anasema hivyo huku akichomoa plagi ya taa ya kushoto. Plastiki yake imeungua, imekuwa nyeusi kama ukoko wa sufuria. Anaiinua juu ili mdogo wake aione vizuri.

"Hii ndiyo kazi ya balbu zako nyeupe pe."

Mama Taa amefanya kazi hii miaka ishirini na tisa. Alianzia kwenye karakana ya mabasi, akisugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na wanne. Leo ana gereji yake mwenyewe: paa la bati, meza moja, na ukuta mrefu mweupe upande wa pili wa uwanja ambao haruhusu mtu kuuegemea. Kwa wiki hupokea magari kama kumi na mawili. Wiki mbaya hupata matatu, na hapo, anasema, "nyumbani tunakula kwa adabu."

Katika kila magari kumi yanayoletwa kwa taa hafifu, anasema, sita au saba balbu zake hazina kosa lolote. Kosa ni njia ya umeme. Watengenezaji huweka waya mwembamba unaotoka kwenye betri, unaingia ndani hadi kwenye swichi ya dereva, halafu unarudi tena mbele kwenye taa. Umeme unafika umechoka.

Anawasha injini na kupima. Kwenye betri, mita inasoma volti kumi na tatu na nukta tisa. Kwenye taa inasoma kumi na nukta nane.

"Volti tatu zimepotelea njiani," anamwambia mdogo wake. "Sasa wewe mtu hajashiba, unamvalisha shati jeupe. Ndiyo atakuwa na nguvu?"

Mdogo mtu anatazama pembeni. Na sababu yake, mtaa mzima unaijua.

Mama yao alikwenda kwa dada yake, mji wa mbali juu ya milima, baada ya arobaini ya mzee. Aliyekuwa mgonjwa huko, mama yao mkubwa, alikuwa amevunjika nyonga. Mama alisema anakwenda wiki mbili. Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Mama mkubwa amepona, anachota maji mwenyewe, na mama bado yuko kule.

Si kwamba hataki kurudi. Ana mgongo. Alijaribu basi mara moja, akashuka kituo cha pili, akarudishwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Akasema hapandi tena basi, atapanda gari la baba yao tu, kwa sababu kile kiti anakijua. Safari ni ya saa tisa kwa mtu mzima wa afya. Kwake, kwa kusimama kila baada ya saa moja anyooshe mgongo, ni saa kumi na tatu au zaidi. Kulala njiani kwenye vyumba vya kulipia hataki hata kusikia. Hivyo utoke saa ngapi, ufike saa ngapi, giza litakukuta tu, tena huenda likukute milimani kwenye ukungu.

Miezi sita iliyopita, mdogo mtu alikwenda kumchukua. Hakumwambia dada yake. Alinunua balbu nyeupe dukani, akazifunga kwenye uwanja wa nyumbani, akaona bati la jirani linang'aa, akaridhika. Akaondoka saa sita mchana.

Milimani giza lilimkuta, na ukungu juu yake.

"Mbele ya pua ya gari palikuwa peupe kama mchana," anakumbuka, kwa sauti ya chini. "Mbali, hakuna kitu. Ukungu ukawa kama shuka limetandikwa kwenye kioo. Malori yanayokuja yananimulikia fulu, wananitukana, naona nawapofusha. Kuna moja lilinipita karibu, nikasikia upepo wake. Nikasimama, nikageuza."

Akarudi, bila kuwa na uso wa kumpigia mama. Mama, aliyekuwa ameambiwa kwa simu kwamba anakuja, alikuwa amevaa kilemba chake kizuri, amekaa mlangoni na mkoba wake miguuni. Alikaa pale mpaka asubuhi.

Tangu siku hiyo, mdogo mtu hakuligusa gari. Aliyemtafuta mnunuzi ni yeye. "Nikiliona tu, namuona mama mlangoni," anasema. "Liondoke."

"Likiondoka, mama anakuja kwa ungo?" anauliza Mama Taa, na anaendelea na kazi.

Anazitoa zile balbu nyeupe na kuzitia mfukoni mwa shati la mdogo wake, kama mtu anayerudisha chenji. Anarudisha balbu za kawaida, mpya, za kiwango kilekile cha kiwandani. Kisha anavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, na katikati anafunga vidude viwili vyeusi ambavyo mafundi huviita rilei. Swichi ya dereva sasa haibebi tena mzigo wa umeme. Kazi yake ni kutoa amri tu. Kila njia ina fyuzi yake. Plagi mbovu anazikata na kuweka za kauri ambazo haziungui.

Vioo vya taa vimefubaa kwa jua. Anavisugua kwa msasa wa maji, wa kwanza mkali, wa pili laini, wa tatu laini zaidi, mpaka maji ya maziwa yanakoma kutiririka, halafu anavipaka rangi angavu ya kuzuia jua. Mkono wake hauna haraka. Mdogo wake anatazama saa, anatazama mkono, anatazama saa.

Mita inasoma tena. Kumi na tatu na nukta sita.

"Haya, umeshiba sasa," anaiambia taa.

Jua linazama. Analirudisha gari nyuma hadi mita saba na nusu kutoka kwenye ule ukuta mweupe, kisha anapima kimo cha taa kutoka chini na kuchora mstari wa chaki nyekundu ukutani. Sentimita saba na nusu chini yake anachora mwingine. Mwanga wa chini unatakiwa ukatike hapo, usipande juu.

"Panda, kaa kwa dereva," anamwamuru mdogo wake.

"Si urekebishe tu hivyohivyo? Nuru inapotea, dada."

"Panda!"

Hapa ndipo wateja wapya humshangaa Mama Taa. Hapangi taa za gari tupu. Zamani, akiwa bado mgeni kazini, alipanga taa za gari moja la kubebea mizigo likiwa halina kitu, akajisifu. Dereva akalipakia magunia, nyuma ikakaa, pua ikainuka, na taa zikawa zinamulika vilele vya miti na macho ya watu. Alirudi na hasira za njia nzima.

Tangu hapo kila mteja huulizwa: mnakuwa wangapi? Nyuma anakaa nani? Mnene au mwembamba? Upande gani? Fundi wa matairi, jirani yake wa ukuta mmoja, ana swali lake la kila siku: "Mama Taa, unapanga taa au unafanya sensa?"

Watu wasiokuwepo huwakilishwa na betri zilizokufa. Anaziuza kama chuma chakavu kwa kilo, kwa hiyo kila moja ameiandika uzito wake kwa chaki. Anabeba mbili za malori, moja ya thelathini na moja, nyingine ya thelathini, na kuzipakia kwenye kiti cha nyuma, upande wa mlango, mahali pa mama. Sitini na moja. Ndio uzito uliokuwa kwenye kadi yake ya hospitali, kipindi mzee anaumwa. Anazifunga mkanda.

Kisha anasita. Anafuta mikono, anachukua simu, anaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, siku hizi una kilo ngapi?"

Upande wa pili kunasikika kicheko kidogo. "Kilo? Mnataka kuniuza na mimi?"

Mdogo mtu, aliyekaa kwenye usukani, anainamisha uso.

"Niambie tu, mama."

"Juzi nilipimwa zahanati. Hamsini na mbili."

"Ulikuwa sitini na moja."

"Ndiyo hivyo. Chakula kipo, mama yako mkubwa ananisimamia kama mtoto. Mimi tu, sijui, kijiko kinaishia njiani." Anabadili mazungumzo. "Huko mnaendeleaje? Kile kiti changu cha barazani mmekitoa kwenye mvua?"

"Kiko ndani, mama."

"Afadhali. Mimi hapa sina jipya. Hata ule mkoba sijaufungua toka siku ile. Naona uvivu, kupanga halafu kupangua tena."

Wanaagana. Mama Taa anabaki ameshika simu. Halafu anafungua mlango wa nyuma, anafungua mkanda, anaitoa ile betri ya thelathini na kuiweka chini taratibu. Analeta nyingine ndogo, ya ishirini na moja. Anaipakia, anafunga mkanda tena.

"Kilo tisa," anasema. Hamwambii mtu.

Anazunguka mbele, anageuza skrubu ya taa ya kulia robo mzunguko, anatazama ukuta, robo nyingine. Anahamia ya kushoto. Ukutani mwanga unashuka kidogo kidogo, mpaka ukingo wake unalala juu ya mstari wa chaki kama nguo iliyopigwa pasi. Si mweupe pe, una rangi ya njano ya kawaida kabisa. Lakini Mama Taa anapoliamuru gari ligeuzwe lielekee barabarani, nguzo ya mwisho ya mtaa, ile isiyoonekana kamwe jioni, inaonekana hadi namba yake.

Mdogo mtu anaisoma namba ile kwa sauti. Kisha anashuka, anasogea hatua tatu na kupiga simu.

"Halo, kaka. Kuhusu lile gari, samahani sana. Haliuzwi." Anasikiliza. "Hapana, si bei. Kesho saa nne usisumbuke kuja."

Anarudi akiwa amenyoosha ufunguo.

"Jumamosi nitafunga duka mapema," anasema. "Twende wote."

"Jumamosi?" Mama Taa anamtazama kama mtu aliyetamka neno la kigeni. "Kwa nini Jumamosi? Taa zinawaka leo."

"Dada, hata nguo sijabeba."

"Unakwenda kuoa? Mpigie wifi yangu, mwambie utarudi keshokutwa. Pita dukani, chukua kipande cha godoro cha kuweka mgongoni kwake. Kile kigumu, si vile vyako vya kubonyea."

Mdogo mtu anaanza kucheka, na safari hii hajizuii. Wanabeba betri pamoja, mmoja huku mmoja huku, wakiiacha tupu nafasi ya mama. Mama Taa anafuta kiti kwa kanga yake. Anatumbukiza bisibisi, mita na fyuzi tatu za akiba kwenye mkoba, anavuta mlango wa bati, na kuandika juu yake kwa chaki: NIMEKWENDA KUMCHUKUA MAMA.

"Sasa nimpigie ajiandae?" anauliza mdogo wake akifunga mkanda.

"Usithubutu," anasema Mama Taa, na kuwasha gari. "Akijua, atakaa mlangoni. Safari hii tumkute amelala."

Ni saa moja kasoro dakika kumi. Gari linatoka uwanjani, linakata kona kwenye nguzo ya mwisho, na mbele yake barabara inaonekana.