Ubao Unaolia Katika Wimbo wa Tatu

Fundi Pima-Tena alistaafu siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu mkewe alikuwa ameshamchoka.

Jina hilo tulimpa sisi wateja wake. Hakuwahi kukata ubao kabla ya kuupima mara mbili, na hata akishaukata aliupima tena, utadhani ungeweza kurefuka akigeuka upande. Miaka arobaini na moja ya useremala ilimwachia vidole tisa na nusu, mgongo uliogoma kuinama, na karakana yenye mashine tatu ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa binti yake. Daktari alisema mgongo upumzike. Mgongo ulikubali. Aliyekataa ni mwenye mgongo.

Wiki hiyo ya kwanza aling'oa mlango wa jikoni, akaupiga randa, akaurudisha, halafu akaung'oa tena. Alipindua viti vyote vya sebuleni kukagua miguu yake, na mgeni aliyeingia wakati huo alikaribishwa akiwa amesimama. Siku ya Alhamisi mkewe alimpigia simu binti.

"Njoo umchukue baba yako, au uniletee kitu cha kumkalisha chini. La sivyo nitamfungia kabatini, na kabati lenyewe jana kalitoa milango."

Binti alileta flashi, akaichomeka kwenye redio. Ndani yake kulikuwa na albamu moja ya bendi ya watu watano wanaopiga muziki wa kizamani, swingi na jazi iliyochanganywa na nyimbo za kusimulia visa. Albamu nzima ilikuwa imerekodiwa jukwaani mbele ya watu, katika ukumbi wa zamani wa pale mjini. Kwa hiyo ulisikia kila kitu: makofi, kikohozi cha mtu wa nyuma, kiti kikiburutwa, na mwimbaji, mama mwenye sauti ya kuzibua masikio, akiwatania wenzake kati ya wimbo na wimbo.

"Huyu mpiga klarineti," alisema mwimbaji, "daktari alimshauri apumue kwa nguvu kila siku. Ninyi na mimi ndio tunaoumia."

Watu waliangua kicheko. Mke wa fundi alicheka mpaka akaweka chini sufuria aliyokuwa akiikausha. Fundi alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kliniki. Wimbo wa kwanza ulipita hivyo. Katika wa pili, uliomhusu bwana aliyeazima suti ya kwendea posa, kumbe mwenye suti ndiye mchumba wa msichana aliyekwenda kumposa, kidole chake kikubwa cha mguu kilianza kutikisika. Mkewe aliona, akanyamaza asije akakitisha.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa haraka. Mwimbaji alihesabu kwa kupiga mguu: "Moja, mbili, moja-mbili-tatu-nne!" Na kwenye ile nne, chini ya mguu wake, kitu kililia: *kwiii*.

Fundi alisimama wima.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Ubao."

"Ubao gani, baba?" binti aliuliza. "Mtu anaimba."

"Rudisha nyuma."

Walirudisha nyuma. *Kwiii*. Walirudisha tena. Mara ya nne mkewe aliusikia, akasema ni kweli, ubao unalia, na je, sasa wanaweza kuendelea na wimbo? Lakini fundi alikuwa ameshakaa tena, mikono kichwani.

Lile jukwaa alilijenga yeye. Miaka ishirini na sita iliyopita alilitandika mwanzo hadi mwisho, mbao sitini na mbili, na siku ya mwisho skrubu zilimwishia jioni, duka limefungwa. Mstari wa mbele aliupigilia misumari, akajiambia atarudi kesho kuweka skrubu, maana msumari ukilegea ubao hulia. Ile kesho ilikuja na kazi nyingine, na kazi nyingine ikaja na nyingine. Hakurudi.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Albamu ilipigwa asubuhi, ikapigwa mchana. Mkewe aliijua yote kwa moyo, pamoja na mizaha, na alikuwa akifagia kwa kucheza, akiuzungusha ufagio kama mwenzi wa dansi. Yeye alifurahi. Fundi hakusikia klarineti wala besi wala kicheko. Alisikia ubao. Aliuhesabu: mara arobaini na saba katika albamu nzima, na mara tisa ndani ya wimbo wa tatu peke yake. Chakula hakikushuka. Akizungumza na mtu, ghafla alikatisha na kutazama sakafu.

"Hakuna mtu duniani anayeusikia isipokuwa wewe," mkewe alimwambia.

"Walioinunua albamu wote wanausikia. Hawajui tu kwamba wanausikia."

Jumanne asubuhi alichukua mkoba wa vifaa akaenda ukumbini. Mtunza ukumbi, mama mnene mwenye bunda la funguo kiunoni, alikuwa akipiga deki mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lakini mbona umenizidi umri? Shikamoo wewe."

"Marahaba. Nimekuja kuomba radhi. Kuna ubao wangu hapa unapiga kelele."

Yule mama aliegemea fimbo ya deki akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Ubao wako?"

Alimweleza. Mama alicheka, ila funguo alizitoa. Alimfungulia kijimlango cha pembeni mwa jukwaa, cha kupita paka, na fundi akaingia kwa magoti, tochi mdomoni, mgongo ukimtukana kila hatua. Huko chini palinuka unyevu. Alihesabu mbao kutoka ukingoni mpaka akaufikia wake, akamulika. Misumari yake ilikuwa imeshika vilevile, myeusi, imenyooka. Haukulegea hata mmoja.

Kilicholegea kilikuwa boriti iliyobeba ule mstari wa mbele. Bomba lililopita ukutani lilikuwa likivuja, labda kwa miaka. Alichomeka bisibisi kwenye boriti, ikazama mpaka kwenye mpini kama inaingia kwenye ndizi mbivu. Huyo mwimbaji alikuwa akirukaruka juu ya uji.

Alitoka akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. "Leo asikanyage mtu hapa," alisema. "Mpigie simu mwenye bendi."

Mwimbaji, ambaye ndiye mwenye bendi, alifika mchana, kwani siku hiyo walikuwa na mazoezi. Alisikiliza habari ya boriti kwa makini, akashukuru, akaomba matengenezo yafanyike kabla ya onyesho la Jumapili. Ila mwishoni aliongeza:

"Lakini mzee wangu, mlio ubaki."

"Mlio gani?"

"Huo wa ubao. Ndio saa yetu. Mpiga besi haoni vizuri, mpiga ngoma anafumba macho akipiga. Wanausikia ule mlio ndipo wanajua tumeanza. Siku moja tulipiga ukumbi mwingine usio na ubao unaolia, kila mtu akaanza kwa wakati wake."

Fundi alihisi kama ametukanwa, lakini hakuona mahali pa kushika. "Mama, miaka arobaini na moja nimekuwa nikizuia mbao zisilie."

"Basi unajua kinachoziliza."

Fundi alikuna kidevu, akakubali mlio ubaki.

Boriti mpya hakuweza kuibeba, kwa hiyo ilibidi amwite binti yake. Walifanya kazi siku mbili. Binti aliingia chini, akakata kipande kilichooza, akaunga kipya, akakaza skrubu. Baba alikaa juu ya ukingo wa jukwaa, akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Mara alimwona binti akipima mbao, akipima tena, kisha kabla ya kuwasha msumeno akipima mara ya tatu.

Tatizo likawa mlio. Boriti ilipokuwa imara, ubao ulinyamaza kimya kama kaburi. Walilegeza msumari mmoja: ubao ukagonga, *tok*, kama mlango wa choo. Wakalegeza miwili: ukapiga kelele ya bata. Binti alitoa kichwa kwenye kijimlango, utando wa buibui nyweleni.

"Baba, yaani ulinisomesha miaka yote ile nije nitengeneze ubao mbovu kwa makusudi?"

"Si mbovu. Ni wa kulia. Weka kijiti chembamba upande wa kushoto."

"Wa kushoto wangu au wako?"

"Kule karakanani mbona huniulizi kitu?" alisema fundi ghafla. Wala hakuwa amepanga kulisema. "Tangu Ijumaa ile hujaniuliza hata skrubu ziko wapi."

Binti alifuta utando nyweleni. "Daktari alisema upumzike. Nikikuuliza utakuja."

"Nitakuja."

"Ndio maana sikuuliza."

Aliingia tena chini. Kijiti kiliwekwa upande wa kushoto, msumari mmoja ukavutwa nusu ukucha, na fundi akakanyaga. *Kwiii*. Yule mama wa funguo, aliyekuwa akifuta viti, alipiga makofi.

Jumapili saa tisa alasiri fundi na mkewe walikaa mstari wa pili. Nyimbo mbili za kwanza zilimpita kabisa. Alikuwa amekunja ngumi, macho kwenye viatu vya mwimbaji. Wimbo wa tatu ulipoanza ubao ulilia mahali pake, bendi ikaingia kwa pamoja kama mtu mmoja, na mpiga ngoma hakufumbua macho. Hapo mwimbaji alipaza sauti, akaueleza ukumbi mzima kwamba kuna fundi humu ndani aliyekuja kuomba radhi kwa niaba ya mbao. Watu walicheka. Fundi alijaribu kuteleza chini ya kiti, mkewe akamshika kola.

Baada ya hapo hakuwa na kitu cha kusubiri, kwa hiyo ikabidi asikilize muziki. Mkewe aliniambia kwamba fundi alicheka mpaka akatoa leso, kwamba miguu yake haikutulia mpaka mwisho, na kwamba mtu wa mbele yake aligeuka mara mbili kwa sababu alikuwa akimpigia teke kiti.

Yeye na binti yake walikubaliana siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Anakwenda karakanani, anakaa kwenye kigoda, haruhusiwi kubeba kitu kizito kuliko penseli. Wiki ya kwanza alibeba ubao. Wiki ya pili binti alificha mbao. Wiki ya tatu nilipita kupeleka meza yangu yenye mguu mfupi, nikamkuta amesimama, mikono nyuma, akizunguka kile kigoda tupu, na binti yake akamwambia bila kuinua kichwa kwenye kazi yake: "Kaa, baba." Akakaa. Nadhani alikaa dakika nne.