Kola za Watu Wawili

Kiwandani walimwita Umeme, na jina hilo alijipa mwenyewe ndipo wengine wakalipokea. Alikuwa na mikono myepesi, ulimi mwepesi zaidi, na kiherehere cha kumtosha yeye na jirani. Kazi yake kushona kola za mashati ya shule. Nyuma ya kiti chake aliketi wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyemtafutia kazi hiyo na kumfundisha kupindua ncha ya kola isitoboke.

Basi ikaletwa kompyuta. Si ile ya ofisini ya kuandikia barua. Hii ilikuja kupanga kazi yote: inachora shati, inapanga vipande juu ya kitambaa ili makombo yawe machache, inaiamuru mashine ya kukata, kisha vipande vinapandishwa kwenye reli ya juu na kushuka vyenyewe mbele ya kila mshonaji. Lakini ili ijue imshushie nani vingapi, ilitaka kwanza kuambiwa kola moja huchukua muda gani. Fundi wa kompyuta, baba mmoja mpole mwenye miwani, akauliza nani yuko tayari kupimwa kesho. Hajafunga mdomo, mkono wa Umeme uko juu.

Kazi ilipoisha akamwendea wifi yake.

"Wifi, nisaidie. Nipigie pasi kanvasi zote za kukazia kola, unipunguzie na pembe, kesho mimi niwe wa kupitisha sindano tu."

"Huko si kudanganya?"

"Nimdanganye nani? Kompyuta? Kwani ina macho?"

Wifi akacheka, akabaki na pasi. Akazipanga kola kikapuni kwa uangalifu, utadhani mayai. Asubuhi Umeme akashona huku fundi kashika saa, na kila aliyepita akasimama kutazama. Msimamizi akatangaza kwamba huyu ndiye mfano wa chumba kizima. Nyumbani siku hiyo Umeme alimsimulia mumewe mpaka chakula kikapoa.

Reli ikaanza kutembea, tena kwa kasi hiyohiyo kwa wote, wa kola na wa mifuko. Vipande vikawashukia watu kama mvua ya mawe. Juu ya kila cherehani paliwekwa taa, ya kijani kwa anayekwenda sawa na nyekundu kwa aliyechelewa, na chumba kizima kikawa chekundu. Wanawake wakaacha hata kwenda kunywa maji. Na Umeme? Umeme hakuwa amekaa. Alivishwa aproni ya bluu, akaambiwa azunguke awafundishe wenzake kasi.

"Macho kwenye sindano, dada," alikuwa akisema huku akipita.

"Hebu kaa hapa utuonyeshe," mshona mifuko akamjibu. "Sisi wenzio Mungu katupa mikono miwili tu."

Umeme akajifanya anaitwa upande wa pili. Aliijua hiyo mikono mingine ilikuwa ya nani.

Taa ya wifi ndiyo iliyokuwa ngumu kugeuka kijani kuliko zote. Mama yule alikuwa na vidole vilivyoanza kuvimba, na kazi yake safi haikujua haraka. Msimamizi akamwita Umeme pembeni.

"Wifi yako tunamwondoa kwenye cherehani. Akitaka kufagia, kuna ufagio. Hataki, aende nyumbani. Wewe ndiye mwalimu wake, kamwambie."

Akaenda. Wifi hakuinua uso.

"Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Sema basi, kola zisinirundikie."

Umeme akaokota kola iliyoanguka, akairudisha kwenye rundo.

"Na kama unaogopa nitasema," wifi akaongeza taratibu, "usiogope. Sijamwambia mtu, wala kaka yangu. Nilikubali mwenyewe kukusaidia."

Angempiga kofi ingekuwa afadhali. Umeme alisimama pale na aproni yake ya bluu, akatamani kuivua, ngozi na yote. Kisha akageuka, akamfuata fundi wa miwani, msimamizi akiwa papo hapo.

"Zile kola mlizonipima zilikuwa za watu wawili."

"Wawili? Wa pili nani?" fundi akauliza.

"Huyo mnayetaka kumpa ufagio."

Fundi hakukasirika. Alisema kompyuta haina kosa wala haina hila, imepanga kwa kile ilichoambiwa. Apimwe upya, itapanga upya. Aliyekasirika ni msimamizi. Akaamuru reli isimamishwe, Umeme akae mbele ya wote, ashone kola moja mwanzo mpaka mwisho kwa mikono yake.

Umeme akakaa. Akapiga pasi, kanvasi ikakunjamana. Akarudia. Akakata pembe, akashona, akapindua kwa kusukuma na mkasi, nao ukatokea upande wa pili wa ncha. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Kumbe na umeme hukatika," mshona mifuko akasema, na chumba kikaangua kicheko. Wifi peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma.

Fundi akasema kipimo cha mtu anayechekwa hakifai. Akapima wengine kadhaa, wifi akiwemo, akachukua kasi ya katikati. Reli ilipoanza tena, kola zilishuka kwa mwendo wa binadamu, na taa zikaanza kugeuka kijani moja moja, ya wifi ikichelewa kidogo, lakini ikageuka. Hakuna aliyemtajia ufagio tena.

Aproni ya bluu akapewa mshona mifuko. Umeme akarudi kwenye cherehani yake, mgongo kwa wifi, shingo ikimwaka kama aliyekaa juani. Akashona kola moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikatoka nyuma yake, ya kawaida kabisa.

"Hiyo pembe ya kushoto umeiacha nene. Punguza."

"Ndiyo, wifi."

Akapunguza. Kugeuka amtazame, hakuweza.