Kocha Lala na Hatua Kumi na Moja

Jina la Kocha Lala alipewa na wanafunzi wake, na walimpa kwa haki kabisa. Miaka ishirini na sita alifundisha michezo katika shule moja ya sekondari, na kila Ijumaa kabla ya mashindano aliwalaza wakimbiaji wake chali kwenye nyasi, macho wamefumba. "Haya, kimbieni," aliwaambia. Nao walikimbia hapohapo, vichwani mwao. Kila aliyefika mwisho aliinua kidole, Kocha akabonyeza saa yake ya mbio na kusoma muda. Ole wako uinue kidole mapema kuliko miguu yako inavyoweza. "Umedanganya," alisema bila kupandisha sauti. "Umeacha kuruka viunzi viwili njiani. Rudi mwanzo." Walimu wenzake walicheka hadi kushika mbavu, wakasema bwana huyu kaajiriwa kulaza watoto wa watu.

Yeye wala hakujali. Ujanani aliwahi kuumia kifundo cha mguu, akakaa wiki tano akikimbia kitandani kwa mawazo tu, na aliporudi uwanjani aliwashinda waliokuwa wakimwonea huruma. Tangu siku hiyo humwambii kitu.

Mwaka wa pili wa kustaafu, asubuhi moja, alikuwa ananyoa ndevu wembe ukamponyoka. Akataka kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kuinama, mguu nao ukakataa. Kiharusi hicho. Alirudi kutoka hospitali upande mzima wa kulia ukiwa mzito kama gunia la mchanga. Maneno, tumshukuru Mungu, yalibaki yote. Mkewe alidai hata yameongezeka.

Shida ilikuwa choo. Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja za mtu mwenye afya: unapita mkeka, unapita kabati, unakata kona, unavuka kizingiti cha saruji, umefika. Mkewe alikuwa na mgongo mbovu, hawezi kuinua hata ndoo. Basi kazi ikamwangukia binti yao wa mwisho, fundi wa maabara. Kila asubuhi alimshika babake kwapani, akamkokota, akamfungulia kifungo cha suruali. Kocha alitazama ukuta. Aibu hiyo ilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku moja, akipapasa miwani kwa mkono wa kushoto, alikuta barua chini ya kitambaa cha meza. Binti alikuwa amepata kazi katika maabara ya hospitali kubwa, mji wa mbali, aripoti tarehe mosi. Zilibaki wiki sita. Alimwita akamwonyesha.

"Nitawaandikia kwamba siendi, baba," binti alisema, kwa upole kama anayearifu kuwa chai imepoa. "Nikienda, nani atakupeleka chooni?"

Kocha aliirudisha barua chini ya kitambaa. Akamwambia, "Usiwaandikie kwanza, mama. Nipe hizo wiki sita."

Daktari wa mazoezi alikuja nyumbani kila Jumanne na Ijumaa. Si mgeni huyo. Alikuwa mruka viunzi wa Kocha zamani, msichana aliyerudishwa mwanzo mara tatu Ijumaa moja akaondoka uwanjani amenuna. Sasa alikuwa anafanya utafiti chuoni kuhusu watu wa kiharusi wanaofanya mazoezi ya viungo, kisha wakalala na kutembea akilini. Alimweleza kwamba ubongo ukiwaza mwendo kwa makini, hupita njia nyingi zilezile unazopita pale mtu anapotembea kwelikweli. Mguu umelala, lakini njia haioti majani.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi miaka yote ile," Kocha alisema, kifua mbele.

"Ulikuwa sahihi, Kocha. Sasa lala."

Akalala, akafumba macho. Safari: kitandani hadi chooni. Daktari akabonyeza saa ileile ya zamani. Kidole cha kushoto kikapanda.

"Sekunde tisa," daktari alisema. "Umedanganya."

"Mimi?"

"Kizingiti umekivukaje?"

Kocha alifumbua macho. Hakukiona kizingiti. Mkeka hakuuona, kabati hakuligusa. Mtu aliyefundisha viunzi robo karne alikuwa amepita nyumbani kwake kama upepo.

"Umetembea na mguu wa zamani," daktari alisema taratibu. "Huo haupo, Kocha. Tembea na huu ulio nao."

Hapo Kocha Lala alilia. Alilia kweli, mbele ya mwanafunzi wake, kwa ajili ya mguu aliokuwa akijifanya bado anao. Daktari alimwacha alie hadi atosheke, akampa kitambaa. Kisha akasema, "Haya. Rudi mwanzo."

Basi kazi ikaanza. Asubuhi alisimama kwa kushikilia ukingo wa kitanda, mchana alijikokota na fimbo huku binti kamshika mkanda, na katikati ya hayo alilala akatembea akilini kwa mguu ule mzito. Aliusikia unavyoburuza. Alisikia kiganja cha kushoto kikitafuta kabati. Alipofika kizingitini alisimama, akavuta pumzi, akainua goti kwa kulibembeleza. Mara ya kwanza ilimchukua dakika mbili na ushei, akaamka na jasho. Mkewe akapita na ufagio akauliza kama kulala nako siku hizi kunachosha watu.

Wiki ya nne alianguka kwenye mkeka. Hakuvunjika kitu, ila moyo ulimshuka, na siku mbili hakutaka kuiona saa. Mkewe aliukunja mkeka akautupa stoo, akasema hata ubongo una haki ya kupunguziwa kazi. Siku ya tatu Kocha akalala, akafumba macho, akaanza upya.

Zilipobaki siku nne, asubuhi, alitembea akilini kwa dakika moja na sekunde kumi. Akaketi, akachukua fimbo, akamwambia binti asimame mbali na asimguse hata iweje. Binti akabonyeza saa. Mguu uliburuza. Kiganja kikaona kabati. Kona. Kwenye kizingiti alisimama kwa muda mrefu hata binti akapiga hatua kumfuata, akajizuia. Goti likapanda. Kisha mlango ukafungwa, komeo likasikika kwa ndani.

Dakika moja na sekunde nane.

Binti aliketi palepale sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja. Muda ukapita.

"Baba, uko salama?"

"Niko chooni, mama," sauti ilijibu. "Mtu hawezi kukaa chooni kwa amani katika nyumba hii?"

Siku ya kuondoka, basi lilikuwa la saa nne, na kituo kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu mizima. Binti alitoka mapema, jirani kambebea sanduku. Kocha alimsindikiza hadi mlangoni kwa fimbo yake, akambariki, akasimama hapo hadi binti akapotea kwenye kona. Ilimuuma kutofika naye kituoni. Watoto wake wote aliwasindikiza hadi kituoni, na huyu ndiye aliyemwinua miezi yote hiyo.

Akarudi kitandani, akalala chali, saa ya mbio kifuani.

Baada ya nusu saa mkewe alichungulia. "Mzee, umelala?"

"Sijalala. Namsindikiza mtoto."

Mkewe alimtazama, akaitazama saa inayohesabu. "Mmefika wapi?"

"Duka la viatu. Usituharakishe, mguu huu mzito."

Mama wa watu alisimama kidogo, mkono mgongoni. Kisha akavua kandambili, akajilaza taratibu kando ya mumewe, akafumba macho.

"Nisubirini," alisema.