Usingizi wa Fundi wa Magodoro

Mganga hajigangi. Watu wa mtaa ule waliupenda msemo huo kupita kiasi, kwa kuwa walikuwa na wa kumpachika: mwanamke mmoja fundi wa magodoro, aliyelaza nusu ya mtaa ilhali yeye mwenyewe halali. Walimwita Fundi, basi. Kila aliyepita mlangoni akamkuta ameinamia kitambaa cha mistari, macho mekundu, vumbi la sufi limemjaa puani, hakukosa la kusema. "Fundi, si ujaribu bidhaa yako!" Kisha kicheko. Mtu aliyelala vizuri hashindwi kuchekesha.

Ukweli ni kwamba Fundi hakuwa na ugonjwa wowote wa usingizi. Alikuwa na mama.

Mama huyo aliuza mboga sokoni maisha yake yote, na sasa akili ilikuwa imeanza kumtoroka. Mchana alikuwa mpole kama nini, akisinzia kwenye kiti pembeni ya mzigo wa sufi. Giza likiingia anaamka, anataka kwenda sokoni. Atatafuta viatu, atatafuta kapu, atalivuta komeo la mlango, na asipozuiwa anatoka. Siku moja alitoka kweli. Dereva wa lori alimkuta katikati ya barabara, akamrudisha akiwa anatetemeka, na dereva mwenyewe anatetemeka zaidi. Tangu hapo Fundi alilala sikio wazi. Komeo likigusa chuma tu, yuko wima.

Na mama huyo hakuzaa mtoto mmoja. Kulikuwa na kaka mkubwa, mwalimu mstaafu, mwenye nyumba yenye vyumba visivyo na watu. Kulikuwa na mdogo wao wa mwisho, karani wa ofisi fulani yenye viti vya kuzunguka. Wote wawili walimpenda mama. Usiwasingizie. Walimpenda kwenye simu, katika kundi la familia, kila asubuhi, pamoja na picha za maua.

Fundi alipokosea siku moja akaandika humo kwamba amechoka, kwamba halali, ushauri ulimwagika.

"Tatizo ni fikra nyingi," alisema Kaka kwa ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya kufunga shule. "Vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe kwa mdomo. Jioni tembea kidogo. Simu weka mbali na kitanda."

"Dada, mchaichai!" aliandika mdogo wake. "Chemsha unywe bila majani ya chai. Na uloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu. Mwenzangu hapa ofisini amepona kabisa."

Fundi si mbishi. Alichemsha mchaichai. Aliloweka miguu. Alikunywa maziwa ya moto yenye asali, akaacha kahawa, akavuta pumzi mpaka mama yake akamuuliza kama ana pumu. Na kilichomuudhi ni kwamba dawa zile zilifanya kazi. Miguu ililegea, mabega yakashuka, usingizi ukaja mtamu, mzito. Halafu komeo likalia. Kabla ya mchaichai alikuwa akiamka amechoka. Sasa aliamka amechoka na kichwa kinagonga, kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Yeyote aliyewahi kuamshwa hivyo, siku baada ya siku, anajua kwamba hasira yake haina jina zuri.

Aliwaambia. Walimjibu kwamba mwili huchukua muda kuzoea.

Sasa, kazi ya magodoro ya sufi ina amri moja iliyo juu ya nyingine zote. Shazia, ile sindano nene ndefu ya kushonea, ina makao mawili tu: mkononi au kwenye kilemba. Haiwekwi juu ya godoro hata kwa kufumba na kufumbua, maana sufi humeza. Fundi alikuwa na shazia mbili, na aliishika amri hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi, na aliwahi kumfukuza msaidizi kwa kuivunja.

Siku hiyo alikuwa anashona godoro la Mama Mapacha, jirani wa nyumba ya nyuma, ambaye watoto wake walikuwa wameanza kulala kitanda chao wenyewe. Alikuwa anashindilia pembe ya mwisho. Macho yakajifumba akiwa amepiga magoti. Yalijifumba kidogo tu. Aliposhtuka, akaona aibu, akachomoa shazia kwenye kilemba, akashona mdomo wa godoro, akapiga vifundo, na Mama Mapacha akaja na mumewe wakalibeba.

Alasiri alipokuwa anafagia ndipo alipogusa kilemba kutafuta shazia ya pili. Hakuna. Akatazama sakafuni, kwenye mfuko wa sufi, chini ya kiti cha mama. Hakuna. Na mikono yake ikakumbuka kabla ya kichwa: pembe ile ya mwisho, shazia imechomekwa, yeye amesinzia.

Alimshika mama mkono, maana hawezi kumwacha, akamburura mpaka nyumba ya nyuma. Alisikia vicheko vya watoto kabla hajafika mlangoni. Mapacha walikuwa wanaruka juu ya godoro.

"Washushe!" alipiga kelele. "Washushe hao watoto!"

Mama Mapacha aliwanyakua wote wawili bila kuuliza, mmoja kila kwapa. Fundi akapasua mishono aliyoishona kwa mkono wake, akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akatoa shazia. Ilikuwa imesimama wima, ncha juu.

Watoto wakawekwa sakafuni. Kisha Mama Mapacha akawaka, na alikuwa na haki. "Ungeniulia mtoto! Fundi mzima! Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilisinzia," Fundi alisema. "Silali, mwenzangu. Silali kabisa."

Alijikunja kusubiri. Alijua kinachofuata: majani ya kuchemsha, mafuta ya kujipaka, maji ya uvuguvugu. Aliapa moyoni kwamba akitajiwa mchaichai atautafuna mkono wa atakayeutaja.

Mama Mapacha alimtazama, akamtazama na bibi kizee aliyekuwa amekwishaanza kukunja nguo za watoto kana kwamba anafunga mafungu ya mchicha.

"Anakupokea nani?" aliuliza.

"Kunipokea vipi?"

"Huyu mama. Zamu yako ikiisha anashika nani? Mimi na baba yao tunapokezana. Bila hivyo mmoja wa hawa ningeshamsahau mahali."

Hakuna aliyewahi kumuuliza Fundi swali hilo. Wote walikuwa wakimuuliza amekunywa nini.

Hasira ilimpanda kutoka miguuni, na safari hii hakuivuta puani wala kuitoa mdomoni. Alilishona upya godoro la mapacha, akaomba radhi tena, akarudi nyumbani. Asubuhi yake alifunga duka. Akatia kwenye mfuko nguo za mama, dawa za mama na viatu vya mama, akaita mwenye mkokoteni apakie godoro la mama, akaenda kwa Kaka.

Kaka alikuwa kibarazani anasoma gazeti. Wifi ndiye aliyewaona kwanza. "Karibuni jamani! Mama, shikamoo! Mbona na godoro?"

"Kwa sababu leo analala hapa," Fundi alisema. "Na kesho. Na wiki nzima."

Kaka alikunja gazeti. "Mdogo wangu, mambo kama haya yanataka kikao. Ungetupa taarifa."

"Taarifa? Kila siku nakupa taarifa unanijibu kwa maua!"

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Wasikie! Jana nimekaribia kuua mtoto wa watu, Kaka. Nimeshona shazia ndani ya godoro, mimi. Una vyumba vitupu, una kufuli za maana, unalala mpaka jua linakupiga usoni. Mama ni wangu peke yangu?"

"Unajua nina presha."

"Si unajua kupumua? Basi pumua."

Wifi aligeuza uso haraka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kisha akamshika mkwewe mkono taratibu, akamwingiza ndani. Kaka alibaki amesimama na gazeti lake. Fundi alimweleza habari ya komeo, viatu na kapu, mara moja tu, akaondoka kabla machozi hayajamwahi.

Alifika nyumbani mchana, akajitupa kitandani na viatu vyake. Hakuchemsha kitu. Alipoamka, jua lilikuwa la siku nyingine, na mate yamemkaukia shavuni. Alikaa akisikiliza nyumba, ikawa kimya, na hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, kifua kinamruka, kwa kuona jinsi ilivyokuwa rahisi, na kwamba wangeweza kumpa jambo hili miaka yote ile, na hawakumpa.

Simu iliita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, umefanya nini? Kaka amenipigia, sauti haitoki! Anasema mama hakumpa nafasi hata ya kuegesha kichwa. Anasema hawezi."

"Ataweza. Wiki ni yake. Inayofuata ni yako."

"Yangu?" Mdogo wake alicheka kidogo, cheko la kutoamini. "Lakini dada, mimi nafanya kazi."

Fundi aliitazama mikono yake, vidole vilivyopinda na matundu ya sindano yaliyogeuka sugu.

"Na mimi," aliuliza, "huwa nafanya nini?"

Alisubiri mpaka akasikia mdogo wake anaanza kulia, akamwambia ampigie jioni waseme siku ya kumchukua mama. Kisha akakata simu, akavua viatu, akalala tena.